Kocha wa Sekondari (2): Kikosi cha Miezi Kumi

Wiki iliyopita tuliishia kwenye viwanja vyetu vya Ngara, vile vinavyolalia upande mmoja kiasi kwamba nahodha akishinda shilingi anachagua kuteremka kwanza, na mpira ukitoka unatafutwa migombani dakika tatu. Msomaji mmoja wa Biharamulo amenitania kwamba kwao ardhi ni tambarare, hawana udhuru. Nimekubali. Lakini mpinzani ninayemzungumzia leo hachagui ardhi. Kila kocha wa sekondari anakutana naye kabla ya yeyote mwenye jezi, na jina lake ni kalenda.

Mwanzoni mwa Julai, vumbi la kiangazi limeshafunika majani ya migomba, kidato cha tano wanaripoti. Wanashuka na godoro lililokunjwa, sanduku la bati, ndoo, jembe na rimu ya karatasi. Mwalimu wa michezo anayejua kazi yake hakai ofisini siku hiyo. Anazungukazunguka karibu na meza ya usajili, akiangalia mizigo kuliko miguu. Mwaka mmoja, katika shule ya bweni niliyokuwa nafundisha, kijana mwembamba aliweka ndoo chini ili asaini. Ndani, juu ya sabuni na madaftari, kulikuwa na glovu za golikipa. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimeshonwa mara mbili kwa uzi wa viatu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unacheza namba ngapi?"

"Moja, mwalimu."

Nilimwandika hapo hapo, kabla mhasibu hajamwandika kwenye daftari lake. Sikuwa na haraka ya bure. Nilijua kijana yule ninaye kwa miezi kumi tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mashindano makubwa ya sekondari Tanzania Bara ni UMISSETA. Huanzia shuleni, yakapanda kata, wilaya na mkoa, kisha fainali za taifa kwa kawaida huchezwa Juni: Mtwara mwaka 2021, Tabora 2022 hadi 2024, Iringa 2025. Maana yake ngazi za chini, ambako sisi makocha wa shule ndiko tunakopata riziki yetu, zinaangukia Aprili na Mei. Sasa mtazame mwanafunzi wa kidato cha sita. Mtihani wake wa taifa unaanza Mei. Wewe unapanga kikosi, yeye yuko chumba cha mtihani. Akimaliza, anafunga sanduku kwenda nyumbani, na wengi muda si mrefu wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Kidato cha tano wapya nao hawatafika mpaka Julai, mashindano yakiwa yamekwisha. Wanaobaki ni wale walioshuka na magodoro Julai iliyopita. Hao ndio timu. Ukiondoa likizo ya Desemba na wiki za mvua, miezi yenyewe inapungua tena.

Majirani zetu hawana balaa hili kwa kiwango hicho. Kakamega High, ile inayoitwa Green Commandos kule magharibi mwa Kenya, ilijenga jina lake chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao ulimweka mvulana shule moja miaka minne mfululizo. Uganda ni zaidi: shule kama St. Mary's Kitende inaweza kumpokea kijana kidato cha kwanza ikamtoa cha sita. Beki anayejua mwito wa golikipa wake kwa miaka sita ni kitu kingine. Kwetu, mwanafunzi anayefaulu kidato cha nne anapangiwa shule nyingine na TAMISEMI, pengine mikoa mitatu mbali. Kijana uliyemfundisha kuacha kupiga mpira kwa kidole anakwenda kukufunga akiwa na jezi ya wenzako. Mfumo huo una faida zake, vijana wa Tanzania wanachanganyika na kujuana, wala siupingi. Nasema tu kwamba tunapokutana na hao majirani kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki ya FEASSSA, iliyofanyika hapa kwetu Arusha mwaka 2019, watu wasishangae tofauti ya maelewano uwanjani wakaisingizia vipaji.

Basi miezi kumi inatumiwaje? Wiki mbili za kwanza usichague mtu. Ngara iko juu vilimani, na kijana aliyetoka Mwanza au pwani anahema kwa mdomo akipanda tu kutoka bwenini kwenda bwaloni. Ukimpima siku ya tatu utamtupa mchezaji mzuri. Bahati tunayo mchakamchaka wa alfajiri. Kaa pembeni uangalie nani anaimba bado wakati wenzake wamekata pumzi. Huyo ndiye kiungo mkabaji wako, hata kama hajui.

Agosti na Septemba ni za mechi za kirafiki. Kuanzia Oktoba mvua inaingia, uwanja unakuwa utelezi mtupu, na hapo ndipo makocha wengi hufunga duka mpaka Januari. Nami nilifanya hivyo miaka miwili, nikajuta. Kipindi hicho tumia darasa tupu na ubao: beki wanne wasimame kati ya madawati, wajifunze kusogea pamoja kama waliofungwa kamba moja. Hakuna mpira, hakuna matope. Wakirudi uwanjani Januari unaona tofauti kwa macho.

Januari mpaka masika ndiyo miezi yenyewe. Mazoezi yanaanza saa 10 jioni, saa 11:30 kengele ya usafi na chakula. Dakika 90, kama mechi, na humo ndimo uingize kila kitu. Kuna kocha anayechukua nusu saa nzima kuzungusha wachezaji uwanja. Nakushauri uchukue mpango wa FIFA wa kupasha misuli, ule unaoitwa 11+. Unachukua dakika 20: mbio za taratibu, mazoezi ya tumbo na mapaja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa, kisha mbio za kasi zenye kukata kona. Hauhitaji kifaa cha gharama. Utafiti uliofanywa Norway kwa wachezaji wasichana na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba timu zilizoufuata zilipata majeruhi wachache kwa kiasi kikubwa. Kwetu, ambako barafu ya kubandika kwenye goti hakuna na kikosi kina wachezaji 16 wa uhakika, goti moja likiteguka Machi umeshaharibu Mei.

Hapo bado hujakutana na mwalimu wa taaluma. Nitasema wazi: wengi wetu tunamchukulia kama adui, na tunakosea. Yeye pia ana kalenda yake. Mtu wa PCB ana vitendo vya maabara jioni, mtu wa HKL ana nafasi. Nilipoona hivyo niliacha kugombana, nikaomba nakala ya ratiba ya vipindi vya jioni, nikapanga mazoezi kwa tahasusi: Jumanne mabeki na mawinga, ambao wengi ni wa HGL na HKL, Alhamisi kikosi kizima. Nikaongeza sharti moja ambalo lilimfurahisha kuliko hotuba yoyote: anayeshuka wastani kwenye mtihani wa mwezi anakaa benchi mechi moja. Mwaka huo nahodha wangu, wa PCM, alikaa benchi tukafungwa. Mwalimu wa taaluma mwenyewe alinifuata akaniuliza kama haiwezekani kulegeza kidogo.

Shule za kata ni habari nyingine. Zilienea tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulipoanza mwaka 2004, zikamsogezea mtoto elimu, ila nyingi ni za kutwa. Mwanafunzi anatembea asubuhi, anatembea jioni, na msichana akifika nyumbani kuna maji ya kuchota na jiko linamngoja. UMISSETA ina soka la wasichana pia, lakini kocha anayepanga mazoezi yao saa 10 jioni sawa na wavulana ameshaamua kutokuwa na timu. Inawezekana saa ya michezo iliyo ndani ya ratiba, au mapumziko ya mchana kwa nusu saa ya pasi fupi. Faida ya shule ya kutwa ni kwamba mtoto aliyeingia kidato cha kwanza unaye mpaka cha nne. Jenga kwa kidato cha pili na cha tatu. Cha nne usiwategemee sana, kambi za taaluma zitawameza.

Na mwisho wa wiki wapo wengine wanaomtaka mchezaji wako. Kwenye vituo vya barabarani, Benako, Lusahunga, Nyakanazi, penye malori ya kwenda Rwanda na fedha ya haraka, ndondo haikosekani. Zawadi yaweza kuwa mbuzi, yaweza kuwa seti ya jezi. Mwenye timu anamjua namba 10 wako kwa jina, anampa nauli na soda na kitu kidogo mfukoni. Kijana anarudi Jumatatu anachechemea, anasema aliteleza bafuni. Nimejaribu kukataza, haikusaidia. Nilichofanya baadaye ni kwenda mwenyewe kwenye ndondo, nikasalimiana na wenye timu, tukakubaliana kwamba kuanzia Machi hawamgusi mtoto wa shule. Wengine walitimiza.

Sasa vijeba. Kocha aliyebanwa na miezi kumi anashawishika kirahisi: kuna kijana mtaani, alimaliza shule zamani, miguu yake dhahabu, mvalishe sare. Taifa limeshalipia dhambi hii hadharani. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana chini ya miaka 17 ilifuzu fainali za Afrika zilizochezwa Gambia, ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja, na Zimbabwe ikachukua nafasi. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 kule Nigeria, FIFA hupiga picha ya mfupa wa kifundo cha mkono. Sisi hatuna mashine hiyo. Tuna meza chini ya mti, fomu zenye picha na muhuri wa mkuu wa shule, na walimu wenye maswali.

Na hapa wilaya zetu za mpakani zina mzigo wao wa ziada. Niliwahi kusimama nyuma ya meza kama hiyo wakati mchezaji wangu anahojiwa. "Mwalimu wako wa hesabu darasa la sita aliitwa nani?" Akajibu. "Hebu hesabu moja mpaka kumi." Akahesabu, na Kihangaza kikajitokeza kwenye kila namba. Mwenzetu mmoja akafunga fomu: "Huyu Mrundi." Kihangaza na Kirundi vinaelewana sana, mwenye kutoka mbali hawezi kutofautisha. Na jina la Ngara likitajwa, watu bado wanakumbuka Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na Benako ikawa mji wa maturubai. Wanakumbuka pia Lukole, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi. Mtoto aliyezaliwa baada ya yote hayo anabebeshwa mzigo huo.

Sikubishana. Nilifungua bahasha: cheti cha kuzaliwa, namba yake ya PREM ya shule ya msingi, nakala ya ukurasa wa rejesta ya udahili. Dakika tano akapita. Bahasha hiyo niliiandaa Oktoba, wakati wa mvua, kwa kila mchezaji. Ukingoja Mei, cheti kitakuwa nyumbani kwa bibi yake na simu ya bibi haishiki mtandao.

Kikosi kikishapita wilaya, si chako tena. Kombaini inachagua wawili, watatu, na kocha wa shule anaachwa na jezi za kufua. Ukibahatika unateuliwa kuwa msaidizi, mnapanda gari kwenda Bukoba. Mkoa wa Kagera una halmashauri nane, na sisi wa Ngara ndio wa mbali kabisa: zaidi ya kilomita 300 kupitia Nyakahura, Lusahunga na Biharamulo mjini, kisha pori la Kasindaga, ambako zamani mabasi yalivuka kwa kusindikizwa na polisi wenye silaha. Siku hizi vijana wanapita humo wanaimba. Nani analipa mafuta ya gari hilo, na kwa nini kila mwaka yanakuwa swali jipya, nitaeleza wiki ijayo.

Mwaka wa yule golikipa tulibahatika kuchezea Kaitaba, kwenye nyasi bandia. Vijana walivua viatu kwanza wakakanyaga pekupeku. Golikipa wangu alikwenda golini, akachuchumaa, akapitisha kiganja kile kilichoshonwa juu ya zulia, akaangalia goli la pili, akaangalia tena la kwake. Kisha akaja kwangu mbio.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "tukishinda shilingi, hapa tunachagua upande gani?"