Inveta na Betri ya Gari: Askari Asibahatishe Volti

Katika Kampala, umeme wa majumbani ni wa volti 240. Askari aliye doria mbali na umeme huo hutegemea inveta, yaani chombo kigeuzacho umeme wa betri ya gari uwe kama ule wa nyumbani, apate kuchaji redio na tochi. Chombo hiki kina sharti moja: volti zake na volti za betri hapana budi zilingane.

Magari madogo kwa kawaida hutumia volti 12. Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Hata hivyo, ukubwa wa gari si kipimo: baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani zilitengenezwa kwa volti 24. Basi, afande dereva, pima kwa mita kabla ya kufunga waya.

Injini ya lori ingurumapo, volti hupanda hadi kiasi cha 28. Inveta nyingi za volti 12 hujizima zipitapo volti 15 au 16, na wengine hudhani kwamba zimesalimika. Sivyo. Kapasita zilizo mlangoni mwa umeme hubaki zimeunganika na betri hata swichi ikizimwa. Nyingi hazistahimili volti 28, nazo huvimba na kupasuka. Inveta ya volti 24 ikifungwa kwenye volti 12, kwa kawaida hukataa kazi tu.

Wako wafungao inveta ya volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Itafanya kazi, na hapo ndipo penye mtego. Betri moja hunyonywa, huku dainamo ikizichaji zote mbili kama moja. Ile iliyonyonywa haijai, na mwenzake huchemka kwa kushiba kupita kiasi. Siku ya amri ya kuondoka, lori haliwaki.

Dawa ni inveta ya volti 24, au kipunguza volti kutoka 24 hadi 12 kinachovuta kwa betri zote mbili pamoja. Tena mzigo wa wati 300 kwa volti 12 huvuta zaidi ya ampea 25. Kwa hiyo waya uwe mnene, na fyuzi iwe karibu na betri.

Gari la kikosi ni amana ya wananchi. Kupima volti ni kazi ya dakika moja. Redio ikinyamaza usiku kizuizini, hasara yake haipimiki.