Gari la Ngara Liandaliwe kwa Mteremko

Desemba inapokaribia, gereji za Dar es Salaam hujaa magari ya watu wanaokwenda kula Krismasi nyumbani, na wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wana safari ndefu kuliko wengi: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Lusahunga, kisha Nyakahura na Benako, takriban kilomita 1,300. Fundi huulizwa kwanza habari za injini: oili, plagi, mkanda, rejeta. Ni maswali ya haki, ila yanagusa nusu ya safari tu. Gari likishindwa kupanda mlima, wasafiri watachelewa ubwabwa wa sikukuu. Likishindwa kusimama kwenye mteremko, huenda wasifike kabisa. Kwa barabara inayomalizikia kwenye milima ya Ngara, gari linapaswa kuandaliwa kwa kushuka kabla ya kuandaliwa kwa kupanda.

Hesabu yake ni fupi. Mji wa Ngara uko juu milimani, na kutoka milima hiyo barabara huteremkia mabonde ya mito Ruvubu na Kagera, ambayo hukutana Rusumo. Tuchukue gari lenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na abiria, mabegi na gunia la mchele, likishuka kimo cha mita 400. Nishati linayopoteza kwa kushuka ni karibu jouli milioni 8, na nishati haipotei hewani hivi hivi. Lazima igeuke kitu kingine. Gari hilo likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, breki humeza karibu jouli nusu milioni. Maana yake mteremko huo ni sawa na kulisimamisha gari mara 16, tena mfululizo. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita 25 za maji ya bombani. Upepo na msuguano wa matairi huchukua sehemu yake, lakini dereva anayeshuka kwa breki peke yake hulipeleka joto lililobaki kwenye diski na pedi chache za magurudumuni.

Joto likizidi, pedi hupungua mshiko. Hatari nyingine imejificha kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa kiwango cha DOT 3, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 205. Yakishanyonya maji karibu asilimia 4, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka, hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubanika kwa urahisi ambapo kimiminika hakibaniki. Dereva hukanyaga, pedali huzama hadi sakafuni, na nguvu ya mguu wake huishia kwenye mapovu. Ndiyo maana breki zilizokuwa imara tangu Dar es Salaam zinaweza kufeli Ngara bila kutoa dalili njiani.

Kabla ya milima hiyo kuna tambarare, nayo hupima matairi. Tairi la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2, hivyo huzunguka mara 500 kwa kila kilomita moja. Hadi kufika Ngara litakuwa limekunjwa na kukunjuka zaidi ya mara 600,000. Kila mkunjo huzalisha joto ndani ya mpira, na tairi lenye upepo pungufu hukunjwa zaidi. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na kile cha mzigo kamili kama kimetajwa. Umri nao usomwe ubavuni: tarakimu 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nene za tairi la mtumba haziondoi uzee wa mpira wake.

Wapo watakaosema gari limetoka kufanyiwa matengenezo juzi. Mara nyingi matengenezo hayo ni oili na chujio. Mafuta ya breki hubaki yale yale mpaka mwenye gari aagize yabadilishwe, na watengenezaji wengi hushauri iwe kila baada ya miaka 2 hivi. Wengine watauliza mbona malori yenye tani nyingi huvuka kila siku kwenda Rwanda na Burundi. Malori mengi makubwa yana breki ya moshi inayoifanya injini yenyewe izuie mwendo. Gari dogo halina, kwa hiyo dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, au L au 2 kwa gari la otomatiki. Wapo pia wanaoweka nyutro ili kubana mafuta. Kwenye injini za kisasa hesabu yao imegeuka: gari likishuka ndani ya gia, kompyuta hukata petroli, lakini likiwa nyutro injini lazima ipewe petroli ili isizimike.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ajali huletwa na dereva, si gari. Ni kweli kwamba mwendo, usingizi na pombe huua, na hakuna chupa ya mafuta ya breki inayotibu hayo. Lakini mteremko huu humkuta dereva amechoka baada ya zaidi ya kilomita 1,000, huku mvua za vuli mkoani Kagera zikiwa zimelowesha lami. Saa hiyo hata dereva makini anahitaji pedali inayomjibu. Basi fundi aambiwe mapema: badilisha mafuta ya breki, pima unene wa pedi, soma umri wa matairi pamoja na spea. Gharama yake ni ndogo kuliko tangi moja la petroli, na mzee anayengoja uani Ngara hataulizia plagi. Atahesabu wanaoshuka garini.