Ubaridi wa Usambara haumwondolei hatari mtoto aliye tumboni

Ni rahisi kwa mjamzito anayeishi Bulwa, kwenye mashamba ya chai ya milima ya Usambara, kuiona malaria kuwa ugonjwa wa watu wa tambarare. Dhana hiyo ina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha vijiji vya Usambara kuanzia mwinuko wa takriban mita 300 hadi 1,700, ulibaini kuwa maambukizi ya malaria hupungua kwa zaidi ya mara 1,000 kutoka bondeni hadi kileleni. Lakini mtu asiyeumwa mara kwa mara na mbu wenye vimelea hajengi kinga. Anaposhuka Muheza au Korogwe kwa soko, harusi au msiba na kulala huko bila chandarua, mwili wake hukutana na ugonjwa usioujua.

Kwa mjamzito, madhara huanzia kwenye kondo la nyuma. Vimelea hujificha humo na kupunguza chakula na hewa vinavyomfikia mtoto, wakati mwingine mama akiwa hana homa na damu ya kidoleni haioneshi kitu. Mtoto hukua polepole, huzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, au hufia tumboni. Mimba ya kwanza na ya pili ndizo zilizo hatarini zaidi. Huko Korogwe, kati ya mwaka 2008 na 2010, watafiti walifuatilia ukuaji wa watoto walio tumboni kwa kipimo cha ultrasaundi, na mwaka 2012 ikachapishwa chati ya uzito iliyotokana na wajawazito wa eneo hilo.

Kinga ya kwanza ni chandarua chenye dawa, kila usiku. Ya pili ni dawa ya SP, inayotolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, angalau dozi tatu zilizopishana kwa mwezi mmoja au zaidi. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP. Ni kweli kwamba vimelea vya ukanda wa Muheza na Korogwe vimejenga usugu mkubwa dhidi ya dawa hiyo. Hata hivyo, hiyo si sababu ya kuikataa, kwa kuwa bado inahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito bora. Ni sababu ya kutoitegemea peke yake, na ya kupima haraka kila homa inapojitokeza.

Malaria si chanzo pekee. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa, miongoni mwa wanawake ambao hawakupimwa kaswende wakati wa ujauzito, asilimia 51 ya vifo vya watoto waliozaliwa wafu vilitokana na ugonjwa huo. Kaswende inatibika kwa sindano ya penisilini, na kadiri mama anavyotibiwa mapema ndivyo mtoto anavyonusurika. Mwenza naye hana budi kutibiwa, la sivyo maambukizi hurudi.

Shinikizo la damu hubana mishipa ya kondo na kumnyima mtoto lishe. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu na kuvimba uso ni dalili za kwenda kituoni siku hiyo hiyo. Hatari huongezeka pia kwa mama mwenye kisukari, anayevuta sigara, mwenye umri mdogo sana au zaidi ya miaka 35, na aliyewahi kujifungua mtoto mfu. Huyu wa mwisho aeleze historia hiyo tangu hudhurio la kwanza, ingawa ni jambo chungu kulitaja.

Upungufu wa damu una sura yake katika eneo la chai. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji, na kikombe cha chai kisogezwe saa moja au mbili mbele.

Mtoto asiyekua vizuri anaweza kutambuliwa hata kwenye zahanati isiyo na ultrasaundi. Kuanzia takriban wiki ya 24, urefu wa tumbo kwa sentimita hukaribiana na idadi ya wiki za mimba, hivyo futi kamba na kadi ya kliniki vinatosha kuonesha kuwa ukuaji umesimama. Kipimo kimoja hakitoshi. Vinahitajika kadhaa vya kulinganisha, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki ya 12.

Mama anayehisi mtoto amepunguza kucheza asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi wala asubiri kupambazuke. Kwa familia za milimani, ambako barabara huteleza wakati wa masika, usafiri wa kushuka hospitalini na nauli yake vipangwe mapema, pamoja na jina la mtu atakayeamshwa usiku.