Akidi katika Kundi la Kompyuta

Benki au shirika la ndege haliwezi kutegemea kompyuta moja tu, kwani ikizimika kazi yote husimama. Dawa iliyobuniwa ni kuunganisha kompyuta kadhaa ili zitumie diski zile zile za kumbukumbu. Kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani ilitangaza mfumo wa namna hiyo kwa kompyuta zake za VAX mwaka 1983. Mwaka 1992 ilitoa kompyuta za Alpha, zenye muundo mwingine kabisa, na baadaye aina hizo mbili ziliweza kuwekwa katika kundi moja.

Programu iliyotayarishwa kwa lugha ya mashine ya VAX haieleweki kwa Alpha. Kwa hiyo kila aina ilipewa diski yake ya kuwashia, ilhali diski za kumbukumbu zilitumiwa na zote. Hapo utaratibu wa kuandika namba huwa na uzito. Namba 1000 huhifadhiwa katika baiti mbili, 3 na 232, maana 3 mara 256, ukijumlisha 232, ni 1000. IBM System/360 ya mwaka 1964 hutanguliza ile 3. VAX hutanguliza 232. Mashine ikisoma kinyume, shilingi 1000 za mteja hugeuka 59,395! Mfumo wa uendeshaji wa OpenVMS ulitumia utaratibu mmoja katika VAX na Alpha, ndiyo maana ziliweza kushika faili moja bila mkalimani.

Hata hivyo tofauti za mashine si hatari kubwa kuliko zote. Kompyuta inayotaka kubadilisha salio la mteja huomba kwanza kufuli, na nyingine zote husubiri hadi kufuli lifunguliwe. Je, kebo inayoziunganisha ikikatika? Kila upande hudhani kwamba wenzake wamekufa, hujitwalia makufuli yote, na kuandika katika diski ile ile. Fedha hutolewa mara mbili, na hesabu huharibika pasipo yeyote kupewa onyo.

Kinga yake ni akidi, kama ilivyo katika mkutano wowote wa chama. Kila kompyuta hupewa kura. Jumla ya kura huongezwa 2, kisha hugawanywa kwa 2, na sehemu inayobaki huachwa. Kura zikiwa 3, akidi ni 2. Zikiwa 4, akidi ni 3. Upande usiofikia akidi husimamisha kazi zake papo hapo, hata kama mashine zake ni nzima. Wateja hunung'unika kwa kusubiri, lakini kusubiri ni hasara ndogo kuliko daftari lenye salio mbili.

Taabu ipo kwa kundi la kompyuta mbili tu. Akidi yake ni 2, hivyo moja ikifa, iliyo hai nayo husimama, na faida ya kuunganisha hupotea. Fundi huweza kuipa diski mojawapo kura ya tatu: kompyuta iliyobaki pamoja na diski hiyo hutimiza akidi. Kosa baya ni kuharakisha mambo kwa kuiambia kila kompyuta kwamba kundi zima lina kura 1. Zikiwashwa hali kebo imekatika, kila moja hujiona mkutano kamili, na zote mbili huanza kuandika.