Kondo la nyuma: tulizike kwa heshima, tusilile



Swali moja linazunguka siku hizi katika mikutano yetu, mtoni na pale tunapoanika ndakala: je, mama akila kondo la nyuma baada ya kuzaa, anapata damu na maziwa? Wasichana wetu wameliona jambo hilo kwenye simu. Wameambiwa kwamba huko mbali kondo linakaushwa, linasagwa, linatiwa ndani ya vidonge, na mama anameza kila siku mpaka liishe. Bibi wamecheka, halafu wamekasirika. Sisi wa chama tumeona hilo halitoshi. Msichana anayeuliza anastahili jibu. Tena swali hili limefungua lingine zito zaidi, lile la mama anayeogopa kwenda materinite kwa sababu hajui kondo lake litatupwa wapi.

Kondo ni kitu gani?

Kondo la nyuma, ambalo waganga wanaliita plasenta, linaota pamoja na mtoto kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Mtoto akiwa tumboni hapumui wala hali kwa kinywa. Hewa na chakula vinatoka katika damu ya mama, vinapita ndani ya kondo, vinamfikia kwa kamba ya kitovu. Uchafu wa mtoto unarudi kwa njia ileile. Mimba ikitimia, kondo lina uzito wa karibu nusu kilo na upana wa kama sentimita 20, kadiri ya sahani ndogo. Mtoto akizaliwa, kazi yake imekwisha. Linabanduka lenyewe na kutoka, mara nyingi kabla ya nusu saa kupita.

Wanaolila walianza wapi?

Wengi wanadhani ni desturi ya zamani za kale. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Marekani, Sharon Young na Daniel Benyshek, walichapisha uchunguzi juu ya jamii 179 za dunia nzima. Walitafuta jamii ambamo ni kawaida ya siku zote mama mwenyewe kula kondo lake. Hawakuona hata moja yenye ushahidi ulio wazi. China ya zamani walikausha kondo la binadamu na kulitumia kama dawa, lakini ilikuwa dawa ya wagonjwa wa namna nyingi, siyo chakula cha mama aliyetoka kuzaa. Mwaka 2005 serikali ya China ilikataza biashara ya makondo.

Basi jambo la mama kula kondo lake ni geni. Lilianza kusikika Marekani miaka ya 1970 kati ya watu waliopenda kuzalia nyumbani. Baadaye vikaja vidonge na watu wa kuvitengeneza kwa malipo, kisha watu wenye majina wakavitangaza. Ndivyo habari ikafika mpaka kwenye simu za Mpala.

Kuna anayesema, "Mbona mbuzi wangu anakula la kwake?" Ni kweli. Mbuzi, mbwa, paka na wanyama wengine wengi wanakula. Lakini ngamia hali, na binadamu hakuwa na desturi hiyo. Mbuzi anakula majani pia, na hatumfuati.

Walipima, wakaona nini?

Huko Las Vegas, chuo kikuu cha Nevada kilifanya majaribio mawili madogo. Wamama waligawanywa: wengine walimeza vidonge vya kondo lao, wengine vidonge vilivyofanana navyo lakini visivyo na kondo. Hakuna mama aliyejua anameza vipi. Katika jaribio la kwanza, la wamama 23, walipima madini ya chuma, yale yanayojenga damu. Waliomeza kondo hawakuwazidi wale waliomeza nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Vidonge vya kondo vya siku nzima havikufikisha hata robo ya chuma anachohitaji mama anayenyonyesha. Katika jaribio la pili, la wamama 27, lililochapishwa mwaka 2018, waliangalia huzuni na uchovu. Hapo pia hawakuona tofauti ya maana.

Faida haikuonekana, lakini hatari ilionekana. Mwaka 2016, katika jimbo la Oregon, mtoto mchanga aliugua vibaya kwa vijidudu vilivyoingia katika damu yake. Alitibiwa, akapona, akarudi nyumbani. Siku chache baadaye akaugua tena ugonjwa uleule. Mama yake alikuwa anameza vidonge vya kondo. Waganga walivipima, wakakuta humo vijidudu vya namna ileile. Hawakuweza kuapa kwamba vidonge ndivyo sababu pekee, lakini mwaka 2017 shirika la serikali ya Marekani la kukinga magonjwa lilishauri vidonge hivyo viepukwe. Kukausha kondo peke yake hakuui kila kijidudu. Nasi huku, ambako hata samaki anaoza jua likiwa kali, tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu.

Tusisahau pia kwamba kondo limejaa damu. Damu inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya ugonjwa wa ini. Anayelishika kwa mikono mitupu anajihatarisha, na anayempa mtu mwingine alile anamhatarisha zaidi.

Bibi zetu walilizika

Njia iliyoenea zaidi kati ya watu wa dunia ni kulizika, na watu wamelizika kwa maana. Kwa Waganda wa zamani, kondo lilikuwa pacha wa mtoto, likazikwa chini ya mgomba. Wakikuyu wa zamani waliliweka katika shamba lisilolimwa na kulifunika kwa nafaka na majani, ili mama aendelee kuzaa. Wamaori wa New Zealand wana neno moja, whenua, ambalo maana yake ni kondo na tena ni ardhi. Sisi wasema Kiswahili tunajua kwamba kwao mtu ni pale kitovu chake kilipozikwa. Kwa hiyo bibi anapouliza, "Kondo la mjukuu wangu liko wapi?" haulizi upuuzi. Anauliza mtoto huyu ni wa wapi, na kama kuna mtu atakayelichukua kwa nia mbaya.

Tunajua kwamba kwa ajili ya swali hilo wako wamama wanaochagua kubaki nyumbani siku ya uchungu. Hapo ndipo tunapotaka familia na waganga wakae pamoja wasikilizane.

Vituo vya afya vingi vinachimba shimo la kondo, lenye kuta na kifuniko, mbwa wasifike na maji yasichafuke. Kondo haliendi kwenye takataka. Kama familia inataka kulizika yenyewe, jambo hilo lisemwe mapema, kwenye CPN, siyo wakati mama yuko kitandani analia. Tunashauri hivi:

Mama au mama mkwe amuulize mkunga: "Hapa kondo linawekwa wapi? Naweza kuonyeshwa? Naweza kupewa?"

Familia ilete ndoo yenye kifuniko au mfuko mgumu usiovuja.

Anayelibeba avae mifuko ya mikono, kisha anawe kwa sabuni. Lisioshwe ziwani wala mtoni.

Shimo liwe refu, mbwa na kuku wasilifukue, na liwe mbali na kisima, ziwa na mto. Lizikwe siku ileile.

Na ndugu zetu wakunga na waganga, tunawaomba jambo moja: mwonyesheni mama kondo lake na mwambieni linakokwenda. Ni maneno ya dakika moja, na yanaweza kumrudisha mama huyo kwenu mimba ijayo.

Kondo lililobaki ndani ndilo linaloua

Wapenzi, tukibishana juu ya kula au kuzika, tusisahau hatari iliyo kubwa kuliko zote: kondo lisilotoka, au linalotoka nusu. Tumbo la uzazi likishindwa kujikaza, damu inamwagika. Kumwaga damu baada ya kuzaa ni moja ya sababu za kwanza za vifo vya wamama duniani, na mama anaweza kufa kwa muda wa saa chache.

Ndiyo maana OMS inashauri kila mama apewe oksitosini, uniti 10, mara mtoto anapotoka. Dawa hiyo inalikaza tumbo la uzazi na kupunguza damu. Mkunga hakimbilii kukata kitovu. Anangoja dakika moja mpaka tatu ili mtoto apate damu yake iliyobaki katika kondo. Kisha kondo likitoka, analigeuza na kulikagua pande zote kuona kama limetimia. Kipande kidogo kikibaki ndani kinaweza kuleta damu au kuoza na kuleta homa siku zinazofuata. Hiyo ndiyo sababu kondo lisifichwe wala kuzikwa kabla mkunga hajaliona.

Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti wa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini juu ya wamama zaidi ya 200,000. Wakunga walitandika chini ya mama kitambaa chenye alama za kupima damu, na damu ikizidi walitoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Hatari za damu nyingi zilipungua kwa asilimia 60.

Kama kondo halijatoka nusu saa baada ya mtoto, mama apelekwe kwa waganga. Asipulizishwe chupa, asitiwe kidole kooni ili atapike, asikandamizwe tumbo kwa ngumi. Na mtu yeyote nyumbani asivute kamba ya kitovu: inaweza kukatika, au tumbo la uzazi likageuka nje. Wakati mnajitayarisha, mama amnyonyeshe mtoto, maana kunyonya kunasaidia tumbo kujikaza, akojoe, afunikwe asipate baridi.

Sisi wa kando ya Tanganyika tunajua upepo. Ziwa likichafuka, boti haiondoki, na barabara wakati wa mvua siyo ya kutegemea usiku. Mama wa mimba ya miezi minane awe tayari na jina la mwenye boti au pikipiki, fedha zilizowekwa kando, na mtu wa kumchangia damu. Mwenye kuzaa mara nyingi, wa mapacha, aliyewahi kumwaga damu au ambaye kondo lilikwama zamani, asikae kungoja uchungu. Asogee karibu na hospitali mapema.

Nguvu za mama zinatoka wapi?

Damu inarudi kwa chakula na dawa ya chuma. Vile vidonge vya chuma vya CPN visitupwe baada ya kuzaa. Mama aendelee navyo kadiri mkunga anavyomwambia. Ale sombe, lengalenga, maharagi, ndakala, mikebuka, na maini yakipatikana. Akamulie ndimu au ale paipai ili chuma kiingie vizuri, na chai aingoje baada ya chakula. Mama asinyimwe yai wala samaki kwa ajili ya miiko.

Maziwa yanaletwa na mtoto mwenyewe. Anyonyeshwe katika saa ya kwanza, apewe yale maziwa ya manjano, kisha anyonye mchana na usiku kila anapotaka. Kadiri anavyonyonya ndivyo yanavyokuja.

Na huzuni? Kulia siku za kwanza kunawapata wengi na kunapita. Ikizidi majuma mawili, au mama akichukia kumshika mtoto, au akitamani kufa, huo ni ugonjwa na unatibiwa. Asiitwe mvivu, asisemwe amerogwa, asiachwe peke yake.

Arudishwe kituoni upesi akijaza kitambaa kizima cha damu kabla ya saa moja kwisha, akipata homa, kizunguzungu, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya tumbo au ya kichwa, au degedege.

Basi, dada aliyeuliza, jibu letu ni hili. Kondo lilimlisha mtoto miezi tisa. Lisitafutiwe kazi nyingine. Likaguliwe na mkunga, lizikwe kwa heshima, na mama apewe sahani iliyojaa, maji ya kuoga na siku za kupumzika. Wababa mnaosomewa habari hii jioni, sahani hiyo na maji hayo vinawahusu ninyi pia.