Kukanusha si Kuvunja Hoja

Kiingereza kina kitenzi "refute", ambacho siku hizi magazeti mengi hukitumia mahali pa kukanusha. Waziri anatuhumiwa kula rushwa, anasema si kweli, na kesho yake habari inatoka kwa kitenzi hicho. Lakini maana yake iliyozoeleka tangu zamani ni nzito zaidi: kuonyesha kwa ushahidi kwamba dai ni la uongo. Waziri amekana tu. Huenda ni mkweli, ila kauli yake peke yake haijathibitisha chochote, na msomaji anaachwa akidhani kesi imekwisha.

Uzito wa tofauti hii unaonekana katika mzozo wa magofu ya Great Zimbabwe. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alitwaa kibanzi cha ubao wa kizingiti, akaona kinafanana na mti wa penseli yake, akahitimisha kuwa ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba jengo lile ni la Malkia wa Sheba. Walowezi waliipenda hadithi hiyo, maana kama wajenzi walikuwa wageni, Waafrika wangedai nini? Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba, akasema ni kazi ya Waafrika wa zama za kati; wapinzani wakakataa katakata. Mwaka 1929 akaja Gertrude Caton-Thompson, akatafuta sehemu ambazo matabaka ya udongo hayakuwa yamevurugwa, akachimba hadi chini ya kuta. Kilichofukiwa chini ya ukuta ambao haujaguswa hakiwezi kuwa kimefika baada ya ukuta kujengwa. Alikuta vyungu vya kienyeji, pamoja na bidhaa za kigeni za zama za kati, karne nyingi baada ya enzi ya Sheba. Hapo ndipo hoja ilipovunjwa.

Serikali ya walowezi chini ya Ian Smith iliendelea kukanusha hata hivyo. Ilishinikiza vitabu vya kuongoza watalii viutaje ujenzi wa Waafrika kama maoni mojawapo tu, na mwanaakiolojia Peter Garlake, aliyekataa kupindisha ukweli huo, aliondoka nchini mwaka 1970. Ilikuwa na mamlaka na fedha, ila haikuwa na kigae hata kimoja cha kupinga matokeo ya Caton-Thompson.

Wapo watakaosema lugha ni ya wasemaji wake, na kwamba kamusi zenyewe zimeshaandika maana ile legevu. Ni kweli, na hakuna anayeweza kuzuia neno lisibadilike. Ila maana mpya imekuja kwa hasara: "deny" ilikuwepo tayari kwa kazi ya kukana, na sasa mwandishi anayetaka kusema kwamba ushahidi umeletwa ukashinda hana uhakika kama ataeleweka. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna hoja inayovunjwa moja kwa moja, kwa kuwa kesho huweza kufukuliwa kitu kipya. Hilo nalikubali pia, kwa sharti lilelile: anayetaka kuifufua Sheba aje na kitu kutoka ardhini. Tangu 1929 wengine wamechimba pale, na vipimo vya kaboni vimefanyika. Vyote vimezidi kuielekeza tarehe kwenye zama za kati, na wajenzi kuwa mababu wa Washona.