Sindano Katika Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Kurekebisha nguo ni kazi inayofanyiwa mapajani. Haidai karakana wala meza ya kukatia. Inadai sindano, uzi, mwanga na subira kidogo. Ndiyo maana inakaa vizuri katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambako nyumba ya watu wengi ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi katika jengo la orofa sita au saba, kitanda upande huu wa pazia na jiko upande wa pili. Pipeline, Tassia, Huruma, Kayole na Umoja zimejaa majengo ya namna hiyo. Hata Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970 kwa nyumba za familia zenye ua na ngazi za ndani, sasa una vyumba vya kukodisha vilivyobandikwa mbele na nyuma ya nyumba nyingi.

Ufundi wa kushona una pande mbili. Upande mmoja ni kutengeneza nguo mpya: kupima, kuchora, kukata, kuunganisha. Wa pili ni kurekebisha: kurudisha kifungo, kupandisha pindo, kutia kiraka, kubana kiuno, kubadilisha zipu. Madarasa mengi ya mtaani huanzia upande wa kwanza. Mwanafunzi huketishwa mbele ya cherehani, huchora sketi kwenye karatasi ya kaki, na baada ya miezi michache ana sketi moja ya kujivunia lakini kifungo akikishona leo, kesho kimedondoka. Kwa mkazi wa chumba kimoja mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Hana pa kutandaza mita tatu za kitambaa, na nguo zinazohitaji mkono wake tayari zimetundikwa nyuma ya mlango.

Nyingi kati ya hizo ni mitumba. Hadi miaka ya 1980, viwanda kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vilivisha sehemu kubwa ya Wakenya huku serikali ikivikinga dhidi ya nguo za nje. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, marobota ya nguo kuukuu yakamiminika kupitia bandari ya Mombasa, viwanda vikayumba, na soko la Gikomba, Nairobi, likawa jina linalojulikana kila pembe ya nchi. Rivatex yenyewe ilifungwa, ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Robota la kawaida lina uzito wa kilo 45. Likikatwa kamba alfajiri, nguo safi zisizo na kasoro, ambazo wauzaji huziita kamera, hunyakuliwa kwanza na wenye maduka. Za wastani hutundikwa. Mabaki ni fagia: humwagwa kwenye turubai na kuuzwa kwa sarafu chache, mteja akiinama na kuchakura.

Fagia ndilo daftari la mwanafunzi wa kushona. Humo mna shati la pamba safi lililokosa vifungo viwili, sweta la sufu lenye tundu la nondo, suruali ya jinzi ambayo zipu imekataa. Kosa la kujifunzia hapo halimuumizi mtu, na nguo ikiharibika kabisa bado kuna faida katika kuifumua. Shati lililoshonwa vizuri, likifumuliwa mshono kwa mshono, linaonyesha siri ambazo mtengenezaji alizificha: kola ina kitambaa kigumu katikati, mabega yana tabaka mbili, mkono umekatwa kwa mviringo na haukuchongoka. Mafundi wa mtaani hufumua kwa wembe. Anayeanza afadhali atumie ncha ya pini, kwa sababu wembe hautofautishi uzi na kitambaa.

Nguo za ghorofani nazo zina majeraha yake. Waya za kuanikia juu ya paa hushika kutu na kuacha mistari ya hudhurungi mabegani. Kola husuguliwa kwa brashi na sabuni ya mche mpaka kunjo lake likatike. Kaptura za shule huisha makalioni, maana watoto wasio na uwanja huchezea kwenye ngazi, na ngazi ni saruji. Jinzi za watu wazima huisha mapajani kwa ndani, pale zinapokutana mtu akitembea. Anayejua nguo huumia wapi hujua pia kitambaa kiimarishwe wapi kabla hakijatoboka, na kazi hiyo ya mapema ni rahisi mara nyingi kuliko kiraka.

Vifaa vinatosha katika mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kasuku: sindano za unene mbalimbali, uzi mweusi, mweupe, wa buluu na wa kaki, mkasi mdogo mkali usiotumiwa kukatia karatasi, pini, tepu ya kupimia, kipande cha chaki au sabuni iliyokonda, na subana ya kukinga kidole. Sindano zina mtego mmoja unaowapoteza wengi. Kwa zile za mkono, namba ikipanda sindano inakonda. Kwa zile za cherehani, namba ikipanda sindano inanenepa. Namba 11 ya cherehani ni ya vitambaa vyepesi, 14 ni ya kazi za kawaida, 16 na kwenda juu ni ya jinzi. Kuhusu uzi, ule wa poliesta ni imara na unapatikana katika kila kioski cha vifaa vya ushonaji. Asiyejua alichouziwa aunguze ncha yake: wa poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu, wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa kushonea kwa mkono usizidi dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukizidi hapo hujifunga mafundo wenyewe.

Mishono minne ya mkono hubeba karibu kazi yote. Bandi, mshono wa kupita juu na chini kwa hatua ndefu, hushikilia tu kitambaa mahali pake na baadaye huondolewa. Mshono wa kurudi nyuma, ambapo sindano hutoka mbele na kurejea ilikopita, ndio wenye nguvu za kuunga suruali iliyopasuka. Mshono wa pindo hung'ata nyuzi moja au mbili tu za upande wa nje ili usionekane. Wa nne huzungushia ukingo usifumuke, na ndio unaochukua nafasi ya ovaloki kwa asiye na mashine hiyo.

Kifungo kinastahili aya yake. Wengi hukikaza mpaka kikalala juu ya kitambaa, kisha hushangaa kwa nini shati linajikunja likifungwa. Kifungo kinahitaji shingo, kwa sababu upande wenye tundu lazima upate pa kukaa chini yake. Njiti ya kiberiti huwekwa juu ya kifungo, uzi ukapitishwa juu ya njiti mara nne au tano. Njiti ikichomolewa, kifungo hulegea kidogo. Kinavutwa juu, uzi unazungushwa chini yake mara kadhaa, halafu fundo linafungwa upande wa ndani. Kwa koti, kifungo kidogo cha pili huwekwa ndani ili mzigo usichane kitambaa.

Kutililia ndiko kunakoonyesha kama mtu ameiva. Tundu la sweta halivutwi likafungwa kwa nguvu, kwani hapo huota kovu lenye makunyanzi. Hufumwa upya. Balbu iliyoungua huingizwa chini ya tundu ili sehemu hiyo ikae imetanuka kwa mviringo. Sindano huanzia kama sentimita moja nje ya tundu, kwenye nyuzi ambazo bado ni nzima, ikapanda na kushuka kwa mistari iliyokaribiana mpaka tundu lote lifunikwe: huo ni mtande. Kisha inageuzwa na kupita kwa upana, juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, mstari wa pili ukipishana na wa kwanza: huo ni mshindio. Kila inapogeuka huachwa kitanzi kidogo, kwa kuwa uzi hujivuta nguo ikifuliwa. Mtande na mshindio ni kanuni ileile inayoendesha mitambo ya kiwanda cha nguo, isipokuwa hapa kitanda cha mfumi ni goti lake. Kwa sweta la shule, uzi wa rangi inayolingana hupatikana kwa kufumua sweta kuukuu la shule hiyohiyo. Kila ploti, yaani jengo la vyumba vya kukodisha, ina mtoto ambaye lake limekuwa dogo kwake.

Kiraka ni jambo jepesi zaidi, ila kina masharti. Kitambaa kipya cha pamba kifuliwe kwanza, la sivyo kitasinyaa baadaye na kuvuta nguo. Nyuzi za kiraka zilale upande uleule na nyuzi za nguo. Pembe zikatwe mviringo, maana pembe kali ndizo hubanduka mwanzo. Kwa makalio ya kaptura, kiraka hukaa ndani na kushonwa kwa mistari mingi ya kupita huku na huku. Zipu nayo hushitakiwa kabla ya kuchunguzwa: mara nyingi meno ni mazima, kilicholegea ni kile kichwa kinachopanda na kushuka. Kikibanwa kidogo kwa koleo kila upande, hushika tena. Ikiwa inakwama tu, kipande cha mshumaa kikisuguliwa kwenye meno kinatosha.

Mwalimu hayuko mbali. Uhuru Market, kando ya Jogoo Road, ni kitovu cha sare za shule, na mlio wa vyerehani huko mwezi Januari humeza mazungumzo. Gikomba ina mafundi wanaokaa hatua chache kutoka kwenye turubai za mitumba, wakipunguza suruali na kubana makoti mnunuzi akiwa amesimama, pasi ya makaa ikisubiri pembeni. Na karibu kila mtaa una fundi wa barazani. Anayechukuliwa kujifunza kwake haanzi kwa kukata. Huanza kwa kuondoa nyuzi zinazoning'inia, kupiga pasi, kushona vifungo, kupiga pindo. Fundi hafanyi hivyo kwa kufuata nadharia yoyote ya elimu. Anaogopa kitambaa cha mteja kiharibiwe. Lakini mpangilio unaotokana na woga huo ni sahihi kuliko wa madarasa mengi ya kulipia. Wakati mzuri wa kumwendea ni baada ya pilikapilika za Januari kutulia, akiwa na nafasi ya kueleza.

Walio na umri wa kati hawaanzii sifuri. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikuwa na sayansi kimu katika shule za msingi, na watoto wa kiume kwa wa kike walishona sampuli za mishono kwenye vitambaa. Anayetaka cheti cha ufundi anaweza kufanya majaribio ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda, NITA, yanayopanda kutoka gredi ya tatu hadi ya kwanza. Majaribio hayo yanampa nafasi hata aliyejifunzia barazani.

Cherehani huja mwisho, na katika ghorofa huja na majirani. Mlio wake hupenya sakafu. Kipande cha zulia au blanketi lililokunjwa chini ya miguu yake hupunguza mtetemo, lakini baada ya saa tatu usiku hata zulia halisaidii kitu. Cherehani ya umeme hula tokeni za stima, na penye stima iliyojumuishwa kwenye kodi, msimamizi wa ploti huenda akaikataza. Ya kukanyaga kwa miguu ni tulivu na ya kuaminika, ila meza yake hula nafasi ya kiti kizima. Kwa chumba cha futi kumi, ile ya chuma ya kuzungusha kwa mkono ndiyo inayofaa zaidi: hulala chini ya kitanda na hushona stima ikipotea. Tatizo linabaki mwanga. Madirisha mengi ya Pipeline hutazama ukuta wa jengo la jirani, hivyo suruali nyeusi na uzi mweusi ni kazi ya mchana, kwenye korido au juu ya paa.

Zoezi la kwanza la mashine liwe leso. Huuzwa mbili zikiwa kitambaa kimoja ambacho hakijakatwa, na mnunuzi hupaswa kuzitenganisha na kuzipiga pindo. Kingo ni nne, kila moja ya kama mita moja, zimenyooka, na mchoro wa pembezoni mwake unaonyesha wazi mstari ulipopinda. Hakuna kitambaa kinachosema ukweli kuhusu mkono wa mshonaji kama hicho.

Cherehani kuukuu isinunuliwe kwa kutazamwa rangi na maua ya dhahabu. Gurudumu lizungushwe polepole: lisikwame popote. Sindano ishuke katikati ya tundu lake bila kugusa chuma. Kisha mnunuzi atoe mfukoni vipande viwili alivyokuja navyo, cha pamba nyepesi na cha jinzi kilichokunjwa mara nne, na uzi wake mwenyewe. Ikishona vyote viwili bila kuruka hatua, na mshono ukafanana juu na chini, bei ijadiliwe. Ikishindwa na jinzi, iachwe hapohapo kwa muuzaji.